Ukungu mweusi bafuni: nimepaka rangi mara mbili na bado warudi

UmmuWatatu (Tudor)

Asalaam aleikum jamani, na habari za jioni kwa wote.

Nimepanga ghorofa ya tatu. Bafu letu ni dogo, mita mbili kwa moja na nusu, na dirisha lake halitazami nje. Lafungukia ule uwazi mwembamba katikati ya jengo ambamo mabomba ya maji machafu yashukia. Tangu mvua za mwaka zianze, ukungu umeshika ukuta. Vilianza vitone vitone kama mtu aliyerashia wino, halafu vikaungana. Mwaka jana fundi aliukwangua akapaka rangi aliyosema ni ya kuzuia ukungu, baada ya miezi minne ukarudi. Mwezi wa pili nikapaka tena, mara hii rangi ya mafuta, kwa kuwa niliambiwa maji hayaipenyi. Sasa imefanya malengelenge. Ukiyabonyeza yatoa maji, na nyuma yake ni kweusi.

Nikanunua feni ya kuvuta hewa, fundi wa umeme akaifunga kwenye silingi. Naisikia yazunguka, lakini mtu akishaoga kioo kinabaki na jasho nusu saa nzima.

Kinachoniuma si rangi. Mwanangu wa mwisho ana miaka sita na ana pumu. Siku nikisugua ukuta ule kwa dawa ya klorini, usiku wake hukohoa hadi alfajiri. Juzi niliichanganya na siki ili iwe kali zaidi, nikatoka mbio macho yakichuruzika machozi. Mwenye nyumba asema tatizo ni sisi, twaoga sana. Tuko watano, na hili ni joto la Mombasa, tusioge?

Ninunue feni kubwa zaidi, ama nitafute nyumba nyingine?

FundiMkongwe (Kisauni)

Waaleikum salaam dada. Kabla ya ukuta, nakuomba sana: klorini usiichanganye tena na siki, wala na ile dawa kali ya choo, wala na chochote chenye amonia. Hutoa hewa ya sumu inayochoma mapafu, na wewe una mtoto wa pumu ndani. Ukisafisha, anza na maji na sabuni ya kawaida, tambara limelowa. Usikwangue pakavu, maana vumbi lile ndilo mbegu ya ukungu na hata ukungu uliokufa bado wamsumbua mwenye pumu. Mtoto na atoke kabisa siku hiyo, dirisha liwe wazi.

Feni kubwa usinunue bado. Chukua kipande cha tishu, kiweke kwenye wavu wa feni ikizunguka. Kikianguka, feni haivuti kitu. Halafu panda juu, fungua silingi, utazame ile hewa yaenda wapi. Nimeshakuta feni nyingi mno zinapuliza mvuke ndani ya silingi na kuuacha humo humo. Tazama na mlango. Kama umefunga kabisa chini, feni haina pa kuvutia hewa mpya. Acha nafasi ya sentimita mbili hivi.

Na hebu niambie, ukungu uko ukuta gani hasa, na nyuma ya ukuta huo kuna nini?

UmmuWatatu (Tudor)

Shukran sana baba. Tishu imeanguka, mara tatu. Mume wangu amepanda: hakuna bomba lolote, feni yapuliza mle mle silingini, na ubao wa jipsamu umelainika hata kidole chazama.

Ukuta ni ule wa kushoto tu. Zile tatu nyingine ni safi, zina alama kidogo juu juu. Nyuma ya ule wa kushoto ni chumba tunacholala na mtoto, na AC imefungwa hapo hapo. Usiku twaiweka 18 ili apumue vizuri.

BaridiPwani (Bamburi)

Hapo ndipo penyewe. Kazi yangu ni kufunga AC, na jambo hili naliona kila mwaka.

Mimina maji ya barafu kwenye bilauri uiweke mezani. Dakika mbili tu imelowa nje, na haijavuja. Ukuta wako ndiyo hiyo bilauri. Hewa ya bafuni ikiwa nyuzi 30 na unyevu asilimia 75, hutoa maji ikigusa kitu chochote kilicho chini ya nyuzi 25 hivi. AC yenu yaupoza ukuta kutoka upande wa chumbani usiku kucha, upande wa bafuni ukuta watoka jasho. Rangi yoyote utakayopaka hapo italowa.

Weka 26 na washa pangaboi, upepo wake utauburudisha mwili. Kama AC yapuliza moja kwa moja kwenye ukuta huo, geuza mapezi yake.

Feni ndogo yatosha, alimradi itoe nje. Soma ubavuni: mita za ujazo 85 kwa saa ni hewa yote ya bafu lako mara kumi kwa saa. Mkimaliza kuoga iache dakika ishirini au thelathini.

BintiMjiWaKale

Mpwa wangu, naongezea la rangi. Nyumba yetu ni ya matumbawe na chokaa, na mamangu alikuwa akizipaka kuta chokaa kila karibu na Ramadhani. Bafu letu halikuwa na feni, na ukungu haukudumu, maana ukuta wa chokaa hupumua na ukungu hauipendi chokaa. Kaka yangu alipopaka rangi ya mafuta, plasta ilianza kuanguka vipande vipande mwaka ule ule. Nililia kwa kweli, ukuta wa babu. Yako iondoe yote, uuache ukuta ukauke hasa ndipo upake.

Na dirisha, lifungue kuanzia saa sita mchana hadi alasiri. Usiku hewa ya nje yenyewe ni maji matupu, yakuongezea tu. Ukishaoga pangusa kuta kwa ule mpira wenye mpini wa kukaushia maji. Na taulo mbichi zisilale mle ndani.

UmmuWatatu (Tudor)

Narudi baada ya wiki tatu. Mwenye nyumba alikuja, nikampa tishu aishike mwenyewe kwenye feni. Amelipia bomba la inchi nne hadi kwenye ule uwazi, ambao juu uko wazi kwa mawingu. Silingi tumejigharamia sisi. AC iko 26, pangaboi lazunguka, na mtoto amelala usiku tisa mfululizo bila kuamka kukohoa. Nimezihesabu. Ukuta tumeukwangua ukiwa umelowa, yeye akiwa kwa nyanyake Likoni, na bado hatujaupaka kitu.

Kona moja ya juu, chini ya bafu la jirani, bado ina unyevu hata mchana, na hapo AC haifiki. Nadhani ni bomba lao. Kesho fundi wa mabomba aja, nitawaeleza atakachokuta.