Maonyesho ya spika za mamilioni Westlands: tumelipa kusikiliza vumi

Wadau, mwandalizi wa maonyesho ya spika ya Westlands, Nairobi, amenyamaza, wauzaji nao wanazidi kuposti picha za spika zikimeta chini ya taa za hoteli. Basi acha tuseme sisi tuliolipa elfu tatu mlangoni. Vifaa havikuwa vibovu. Kilichoharibu kila kitu ni upangaji, na upangaji ni kazi ya saa moja kwa mtu mwenye tepu ya kupimia na nia. Mtu anakuuzia spika kwa bei ya ploti Kitengela halafu hajui kuitoa ukutani?

Chukua chumba cha zile spika ndefu, zenye koni mbili za besi za inchi 10 kila upande. Ni chumba cha kulala kilichotolewa kitanda, urefu mita 4.2. Piga hesabu: kasi ya sauti ni mita 343 kwa sekunde, gawa kwa urefu wa chumba uliozidishwa kwa mbili. Unapata Hz 41 (mitetemo 41 kwa sekunde), sauti ambayo chumba chenyewe huikuza, na inayofuata ni Hz 82. Zote mbili ni noti ya E, na hiyo ya 41 ndiyo uzi mnene kabisa wa gitaa la besi ukipigwa wazi. Sasa spika zimebanwa ukuta wa mbele, kiti kimebanwa ukuta wa nyuma, na kwenye kuta hizo ndipo mawimbi hayo huwa na nguvu zaidi. Mpiga besi akigusa E, dirisha linatetemeka; akihamia noti zinazofuata, besi inayeyuka. Benga bila besi inayotembea ni nini? Muuzaji akaambiwa, akajibu eti hiyo ndiyo "punch". Punch ya wapi!

Kiti kikisogezwa mbele hadi mita 1.4 kutoka ukuta wa nyuma, yaani theluthi ya chumba, mawimbi yote mawili yanashuka kama dB 6 (desibeli, kipimo cha ukubwa wa sauti) pale unapoketi. Spika nazo zitoke mita moja ukutani, na matundu yake ya nyuma yazibwe kwa sponji, hata soksi inatosha. Ukishafanya hivyo unabakiwa na mita 1.8 kati ya sikio na spika, ambazo ni chache mno kwa spika za ukubwa ule, maana koni zake hazijawahi kuungana zikawa sauti moja. Hapo ndipo unajua hazikustahili kuletwa chumba kile. Za wastani zingetosha, lakini za wastani hazipendezi kwenye picha.

Kituko cha pili kilikuwa vyumba viwili vinavyotazamana kwenye korido. Upande mmoja, amplifaya ya valvu (zile chupa za kioo za kabla ya transista) aina ya 300B, valvu moja kila chaneli, wati 8 hivi. Imeungwa kwenye spika ya dB 86, yaani sauti inayotoa kwa wati moja ukiwa mita moja. Wati 8 ni dB 9 juu ya wati moja, kwa hiyo mwisho wake ni dB 95 ukiwa mita moja, na pale kwenye viti vya nyuma labda 90. Ngoma zikipigwa kwa nguvu hupanda dB 15 au 20 juu ya wastani wa muziki. Maana yake ukitaka sauti safi sikiliza kwa wastani wa 70, sauti ya watu wakiongea. Jamaa akaongeza volyumu ili asikike mlangoni, amplifaya ikaanza kukwaruza, wageni wakatoka wakisema valvu ni za wazee. Upande wa pili wa korido kulikuwa na spika za honi za dB 98, zimeungwa kwenye amplifaya ya transista ya wati 300, unasikia msss hata muziki ukisimama. Wangebadilishana tu! Hatua kumi za korido, na vyumba vyote viwili vingepona.

Sasa gramafoni. Hii ndiyo iliyonichemsha damu. Imetoka Marekani, mota ya volti 120, wameiweka kwenye transfoma ya kushusha volti wakadhani wamemaliza. Transfoma hushusha volti. Masafa ya stima, yaani mitetemo yake kwa sekunde, haiyagusi. Mota ile inafuata masafa, na puli yake, kigurudumu kinachozungusha sahani, imechongwa kwa Hz 60. Hapa kwetu ni 50. Kwa hiyo badala ya mizunguko 33⅓ kwa dakika inakwenda 27.8. Muziki unashuka nusu-toni tatu na kidogo. Rumba ya Kongo, waimbaji wenye sauti nyororo za juu, wamegeuka wazee wenye mafua. Wimbo wa dakika 4 unakwenda dakika 4 na sekunde 48. Na watu wamekaa wanatikisa kichwa, "sikia hiyo joto la santuri." Kupima hakuhitaji kifaa chochote. Bandika kipande cha karatasi ukingoni mwa sahani, washa saa ya simu, hesabu. Kwa dakika 3 lazima upate mizunguko 100. Ile ingekupa 83. Dawa ni puli ya Hz 50, ambayo kipenyo chake ni kikubwa kwa asilimia 20, au kifaa cha kuizalishia mota Hz 60 zake. Muuzaji alipoulizwa akalaumu santuri, na ilikuwa ya mgeni aliyeinunua Kenyatta Market.

Vumi sasa. Vyumba vinne hivi vilikuwa na mmm ya Hz 50 na 100 nyuma ya kila wimbo. Sababu ni moja kwa vyote: amplifaya kwenye soketi hii, kompyuta na chaja yake kwenye soketi ile, ethi mbili (nyaya za usalama ziendazo ardhini) zinakutana kupitia waya wa sauti. Chomoa chaja, kompyuta iende kwa betri. Vumi likinyamaza umempata mchawi. Baada ya hapo vyote viende kwenye ekstensheni moja, au weka transfoma ndogo ya kutenganisha kwenye waya wa sauti. Lakini kuna chumba walifungua plagi wakatoa waya wa kijani na njano, yaani ethi yenyewe. Amplifaya ya chuma, volti 240, bila ethi, na watoto wanaigusagusa! Hapo si suala la muziki tena, na mwandalizi alipaswa kuzima chumba kile papo hapo.

Ule mzaha wa muuzaji kulinganisha waya za spika nitaupitia haraka. Waya wa kwanza, wimbo. Waya wa bei, wimbo ule ule lakini volyumu imepandishwa kidogo. Sikio huona sauti kubwa kama sauti bora, kila mtu anayeuza anajua. Ukitaka ushindani wa haki, cheza toni ya Hz 1,000, weka mita ya volti pale waya zinapoingia kwenye spika, volti zilingane: 2.00 na 2.02 ni tofauti ya dB 0.1, hiyo inakubalika. 2.00 na 2.24 ni dB 1 nzima. Mita 3 za waya wa kawaida wa shaba wa milimita mraba 2.5 kutoka maduka ya Luthuli, kwenda na kurudi, ni kama omu 0.04 za ukinzani. Kwa spika ya omu 8 hasara haifiki hata dB 0.1.

Kisha kuna mmoja aliyesema spika zake zilikosa nguvu kwa sababu Nairobi iko juu. Ni kweli tuko karibu mita 1,800 na hewa ni nyepesi kwa kama sehemu moja ya tano. Hiyo inakugharimu chini ya dB 2. Zungusha volyumu kidogo, umemaliza. Spika yake moja ilikuwa imeungwa kinyume, nyekundu kwa nyeusi, ndiyo maana mwimbaji hakuwa katikati na besi ilikimbia.

Haki itendeke: chumba kimoja cha juu kabisa kilikuwa sawa. Spika ndogo za koni mbili, zimetoka ukutani, zulia nene sakafuni, volyumu ya kistaarabu. Magitaa mawili ya benga yakijibizana ungeweza kufuata kila moja peke yake, kushoto na kulia, bila kukaza sikio. Pengine ndivyo vifaa vya bei ya chini kuliko vyote vilivyokuwa pale.

NYONGEZA: Kwa wanaouliza kama waliruhusu nyimbo zako mwenyewe: vyumba vingi vilikataa flashi, wakasema "tuma kwa Bluetooth." CD ni kilobiti 1,411 kwa sekunde, Bluetooth ya kawaida, ya mfumo wa kubana sauti uitwao SBC, huishia kama 328. Wakirudi tena, kabla ya kulipa ulizeni mambo mawili mlangoni: kama flashi yenye FLAC (faili za muziki zisizopunguzwa ubora) inakubaliwa, na nani amekagua ethi za vyumba. Wakishindwa kujibu la pili, msiingie na watoto.