Yoga: ukiondoa mikao ya mwili, misingi yake ni ipi na faida yake ya kiroho ni nini?

Mwalimu wa Pangani

Ndugu zangu, salaam. Tangu mwezi wa tatu ninahudhuria mazoezi ya yoga mara mbili kwa wiki kwa sababu ya maumivu ya mgongo, na kwa kweli mgongo umepata nafuu. Lakini kila tunapomaliza na kulala chali, mwalimu wetu hutuambia kwamba tulichofanya ni kubisha hodi tu, na kwamba yoga yenyewe imo ndani ya nafsi. Nilipomwomba afafanue, alijibu kwamba nitaelewa wakati ukifika, jibu ambalo kwa mtu anayefundisha hesabu kama mimi halitoshi. Naomba mwenye kujua anieleze misingi hiyo ni ipi, faida ya kiroho inayotajwa ni kitu gani hasa, na kama mtu anayeswali swala tano anaweza kunufaika nayo bila kujikuta ameingia katika ibada isiyo yake.

Mkunga Mstaafu

Mwalimu, huyo anayekufundisha hakukosea, ila amekunyima maelezo ambayo yameandikwa tangu zamani. Neno yoga ni la Kisanskriti na mzizi wake, yuj, una maana ya kufunga nira, kama mkulima anavyowaunganisha maksai wawili wavute jembe moja. Matini inayotegemewa zaidi ni Yoga Sutra ya Patanjali, mwanafikra wa kale wa India, yenye kauli fupi zipatazo 195 katika sura nne, na kauli ya pili tu imekwisha kutoa maana yote: yoga ni kutuliza misukosuko ya akili.

Patanjali anataja viungo vinane vya njia hiyo, na cha kwanza si mkao wala pumzi. Ni yama, yaani mambo matano ya kujizuia: kutodhuru kiumbe, kusema kweli, kutoiba, kudhibiti matamanio ya mwili, na kutojilimbikizia vitu. Kinachofuata ni niyama, mambo matano ya kujilea: usafi, kuridhika, nidhamu ya kujinyima, kujisomea pamoja na kujichunguza, na kujikabidhi kwa Mungu. Mkao, yaani asana, unakuja wa tatu, na umetengewa kauli tatu tu, sharti lake likiwa kwamba uwe imara na wenye raha. Kisha zinafuata kuongoza pumzi, kuzirudisha hisi ndani, kuikaza fikra mahali pamoja, kuzama katika taamuli, na mwisho samadhi, hali ambayo mtafakari hajioni tena kuwa mbali na anachokitafakari.

Utaratibu huo una sababu yake. Mtu aliyemdanganya mwenzake asubuhi, akikaa kimya jioni, hatakutana na utulivu. Atakutana na ule uongo, na akili yake itashinda ikitunga namna ya kuulinda. Mimi nilianza kwa pumzi, kwa kuwa miaka yote ya wodini nilikuwa nikiwaambia wazazi wapumue polepole huku mimi mwenyewe nikipumua kama aliyekimbizwa, lakini pumzi ilitulia pale tu nilipoacha ugomvi fulani wa urithi niliokuwa nikiubeba.

Kuhusu faida ya kiroho, usitarajie maono. Sura ya tatu inataja nguvu za ajabu, kisha inaonya kwamba nguvu hizo ni vizuizi kwa anayetafuta samadhi. Faida niliyoiona mimi ni nafasi ndogo inayojitokeza kati ya kuudhika na kujibu, na ndani ya nafasi hiyo mtu hutambua kwamba hasira inapita ndani yake, lakini yeye si hiyo hasira.

Msomaji wa Usiku

Ninakubaliana na Mama Mkunga kwa sehemu kubwa, ila nisingependa Mwalimu aamini kwamba Patanjali ndiye mwenye neno la mwisho. Katika Bhagavad Gita, kitabu kitakatifu cha Wahindu, yoga inaelezwa kuwa ni usawa wa moyo katika kupata na kukosa, na mtu anaweza kuifikia kwa kutenda wajibu wake bila kung'ang'ania matunda yake, kwa mapenzi kwa Mungu, au kwa maarifa. Kwa maelezo hayo, hata asiyewahi kukanyaga mkeka anaweza kuwa na yoga. Tena, sehemu kubwa ya mikao ya kusimama tunayofundishwa leo ilipata sura yake karne ya 20, hasa kwa Krishnamacharya, mwalimu wa yoga aliyefundisha katika kasri la Mysore, kusini mwa India, miaka ya 1930. Kwa hiyo anayekuuzia kila mkao kwa jina la hekima ya miaka elfu tano, msikilize kwa tahadhari.

Ustadhi Mdogo

Nitagusa sehemu ya mwisho ya swali. Kukutana kwa Uislamu na jambo hili si kwa juzi: al-Biruni, mwanachuoni wa karne ya 11, alimfasiri Patanjali kwa Kiarabu. Katika zama zetu misimamo imetofautiana. Mwaka 2008 Baraza la Fatwa la Malaysia lilikataza yoga inayochanganya mazoezi, itikadi na maneno ya ibada, ilhali Saudi Arabia iliruhusu mwaka 2017 ifundishwe kama mchezo. Hata ndugu zetu Wakatoliki walipata waraka kutoka Vatikani mwaka 1989, ukiwatahadharisha wasidhani kwamba kila utulivu wa mwili ni faraja ya Roho Mtakatifu, na tahadhari hiyo naiona inatufaa sisi sote. Fahamu kwamba kwa Patanjali sauti ya Om ni neno linalomtaja Ishvara, yaani Mungu kama wanavyomwelewa wao. Wenzako wakiitamka, wewe nyamaza na uendelee na pumzi zako. Ukiwa na shaka zaidi, muulize mwanachuoni unayemwamini.

Mwalimu wa Pangani

Mama Mkunga, shikamoo, na ninawashukuru wote. Limebaki dogo: kule kulala chali mwishoni, ambako nusu ya darasa hukoroma, kuna kazi gani? Nimesikia kunaitwa mkao wa maiti na jina limenitia wasiwasi.

Mkunga Mstaafu

Marahaba, mwanangu. Jina ni hilohilo, savasana, na Hatha Yoga Pradipika, kitabu cha karne ya 15, kinasema mkao huo huondoa uchovu na kuipumzisha akili. Ugumu wake ni kubaki macho huku mwili umeachiliwa kabisa, kwa hiyo hao wanaokoroma wamepata usingizi, nao si haba. Wewe jaribu kuhesabu pumzi zinazotoka, moja hadi kumi, na ukipotea njiani anza tena moja bila kujilaumu. Mimi wiki ya kwanza sikuvuka nne.