Pulsar, Ange au Atoll: mpwa yuko Lyon, nimwagize santuri ipi?

Mlinzi_wa_Usiku
Wakuu salaam. Miezi mitatu sasa nimezama kwenye roki ya progresivu ya Ufaransa, ile ya miaka ya 1970 yenye vinanda na nyimbo ndefu. Mpwa wangu anayeishi Lyon ndiye aliyenitumia The Strands of the Future ya Pulsar, bendi ya mji huohuo, ya 1976. Upande wa kwanza wote ni wimbo mmoja, dakika 22 hivi. Niliusikiliza saa nane usiku nikiwa zamu, na kulipokucha nilikuwa bado namuwaza marehemu baba, mambo ambayo sikuwahi kutulia nikayawaza. Mpwa anakuja mwisho wa mwezi. Nachagua kati ya Halloween ya hao Pulsar (1977), Au-delà du délire ya Ange (1974) na L'Araignée-Mal ya Atoll (1975). Nianze na ipi?

Kinanda77
Mkuu umeacha ya muhimu. Bajeti yako? Unataka chapa ya zamani au iliyotolewa upya? Kifaransa unakijua? Na kicheza santuri unacho?

Bukavu_Zamani
Ange, bila kufikiri mara mbili. Ndugu wawili wa Belfort, Christian na Francis Décamps. Christian haimbi tu, anaigiza: ananong'ona, anafoka, anacheka kama mzee wa kijiji. Kuna Godevin humo, mtu wa chini wa zama za mabwana na watwana, na kinanda cha Francis kinamfuata kama ukungu. Halloween imeimbwa Kiingereza. Ukitaka Ufaransa yenyewe, chukua Ange.

MamaSanturi
Ndugu yangu wa Bukavu, maneno si lazima yaeleweke. Christian Vander wa bendi ya Magma alitunga lugha yake mwenyewe, Kikobaia, na hata Wafaransa waliisikia kama wageni. Mlinzi, ongeza Magma kwenye orodha, ile Mëkanïk Dëstruktïẁ Kömmandöh ya 1973.

Kinanda77
Dada, huyu anataka kutafakari usiku wa manane. Magma inakukaba shati.

MamaSanturi
Vander alianzisha bendi 1969, bado ana majonzi ya John Coltrane, mpiga saksofoni wa jazi aliyefariki 1967. Ile kwaya ni dua. Mimi nimeisikiliza nikiwa na msiba na ndiyo iliyonituliza. Dua si lazima iwe ya sauti ya chini.

Pwani_Kusi
Mlinzi, kabla ya kuchagua, sikia yaliyonikuta. Niliitamani sana Pollen, ya kwanza ya Pulsar, 1975. Nikampata muuzaji mmoja wa ng'ambo, picha safi, akaandika hali ni nzuri mno. Nikalipa. Wiki saba nasubiri. Ilipofika nikalipia ushuru, nikaoga kabisa ndiyo nikafungua. Jalada halina hata mkunjo. Naiweka: sindano inapanda na kushuka kama ngalawa kwenye kusi! Santuri imepinda kama sinia lililokaliwa. Filimbi, ambayo ndiyo niliyoifuata, inayumba mpaka kichwa kinauma. Nikamwandikia, akajibu mara moja kwamba joto la njiani si shauri lake, kisha kimya. Nikaibana katikati ya vioo viwili, juu yake vitabu, siku kumi. Haikunyooka. Niliuziwa mbuzi kwenye gunia. Mpwa aende dukani mwenyewe, aitoe kwenye jalada, aishike usawa wa jicho aitazame kwa ubavu. Na asiiweke kwenye mzigo wa chini ya ndege.

Kinanda77
Pole sana. Ndiyo maana mimi nasema santuri za kutolewa upya, au hata CD.

Pwani_Kusi
CD haina upande wa pili, mkuu. Atoll wameiweka hadithi yote ya L'Araignée-Mal upande wa pili. Unainuka, unageuza, unakaa tena. Ule mkono unaogeuza ni sehemu ya muziki.

Tabora_Msikivu
Mbona hakuna aliyetaja bendi ya Harmonium? Ile santuri yao ya msimu wa tano, 1975, ni tulivu kuliko zote.

Bukavu_Zamani
Harmonium ni Quebec, huko Kanada, si Ufaransa.

Tabora_Msikivu
Lugha ni ileile.

Bukavu_Zamani
Basi na mimi nitahesabiwa Mfaransa.

MamaSanturi
Tukiongelea utulivu, kuna mwimbaji Catherine Ribeiro na bendi yake Alpes, santuri ya Paix, 1972. Wimbo wa upande wa pili, Un jour... la mort, una zaidi ya dakika 20 na ni mazungumzo na mauti. Usiusikilize ukiwa na haraka.

Mlinzi_wa_Usiku
Asanteni, mmenipa kazi. Bajeti inatosha santuri mbili. Kifaransa sijui. Kicheza santuri ni cha marehemu baba, kinazunguka vizuri, ila sindano haijabadilishwa tangu yeye yupo.

Kinanda77
Hapo simama! Sindano iliyochakaa inakwangua santuri mpya. Mwambie mpwa anunue sindano kwanza, na santuri moja tu. Cha baba ni cha kampuni gani?

Pwani_Kusi
Ipige picha sehemu ya kichwa inayoshika sindano, kwa karibu, uiweke hapa.

Bukavu_Zamani
Na ukichukua Ange, maneno nitakutafsiria yote, mstari kwa mstari.

Mlinzi_wa_Usiku
Niko zamu hadi saa kumi na mbili. Nikifika nyumbani nitaipiga hiyo picha.