"Printa nzima, mzito ni wewe": nimeambiwa hivi leo mbele ya mzee wa watu!

Wakuu, nipo kwenye bodaboda narudi Shangani, mikono bado inatetemeka. Yule fundi wetu wa kompyuta, mnamjua, yule wa funguo kumi kiunoni, leo kanivua nguo.

Mzee katoka Tandahimba na basi la alfajiri, shida yake karatasi moja. Nabonyeza kuchapa. Kimya. Kompyuta inadai printa haipo hewani, na printa naiona kwa macho yangu, taa ya kijani inapepesa! Dakika saba! Mtu anakwenda Mikindani kwa miguu na kurudi. Ya bosi karatasi inatoka kabla hajaachia kipanya.

Namwita fundi. Hajainama, hajagusa hata waya: "Mama, printa nzima, mzito ni wewe." Mzee akainamisha kichwa, kofia mkononi.

MZITO NI MIMI? Nimepiga taipu huyo hajazaliwa! Wiki ya tatu sasa, umeme ukikatika na kurudi ndiyo balaa linaanza. Yeye anazima, anawasha, anakwenda zake. Leo ndiyo kaniita mzito. Mbele ya mzee!

#2
Pole mama. Ila dakika saba si ungemwandikia kwa mkono tu, hahaha.

#3
Mimi fundi pia. Umeme ukirudi, ruta, kile kisanduku cha mtandao, inaipa printa anwani nyingine ya IP, yaani namba yake kwenye mtandao, kompyuta yako inaendelea kugonga mlango wa zamani mpaka ichoke. Aifungie printa anwani moja kwenye ruta, aiongeze upya kwenye kompyuta kwa poti ya TCP/IP, njia inayoifuata anwani hiyo moja kwa moja, aachane na ile ya WSD inayoitafuta printa yenyewe. Kwenye poti hiyo aondoe tiki ya SNMP, ile ya kuiuliza printa hali yake, maana ikikosa jibu hapo Windows inadhani printa imezimwa. Na ya bosi chungulieni nyuma, naapa ina waya wa USB, haipiti kwenye ruta.

#4 (mwenye uzi)
Nimempigia dada wa usafi achungulie. WAYA UPO! Halafu mzito ni mimi?

#5
Nyie mna printa. Sisi Masasi kila barua tunakimbilia steshenari kwa hela ya mfukoni.

#6
Bora steshenari ya Masasi. Ya huku Newala wino umefifia, barua yangu ya kazi imetoka kama imeandikwa kwa majivu.

#7
Newala mna baridi, mnalalamika nini? Huku Lindi feni ya ofisi imekufa tangu Ramadhani, tunajipepea na mafaili.

#8 (mwenye uzi)
Jamani, mada! Kaniita mzito mbele ya mzee wa watu!

#9
Kwani mzee alipata karatasi yake?

#10
Wa Lindi, hiyo feni ni ya dari au ya kusimama? Ninayo moja nauza.