Tupeane uzoefu: kukodi bendi ya wakongwe wa roki na bluzi kwa sherehe ya nyumbani, Mtwara na Lindi

Mwanzisha mada, Mtwara mjini

Ndugu wanajukwaa, salaam. Baba mkwe wangu anatimiza miaka 75 mwezi Desemba, nasi watoto wake tumekubaliana kumfanyia sherehe nyumbani, wageni wasiozidi 120. Mzee huyu alikuwa baharia wa meli za mizigo, na katika ujana wake alirudi Mtwara akiwa na santuri za bluzi za Chicago, wakati jirani zake walikuwa hawataki kusikia kitu kingine isipokuwa muziki wa dansi. Tumepata bendi ya wazee iliyopo Dar es Salaam, wapigaji sita wenye umri wa kati ya miaka 60 na 72, ambao hupiga roki, bluzi na zilipendwa zetu. Bei waliyotutajia tunaimudu, lakini kila ninayemuuliza ananiambia kwamba bei ya bendi ni mwanzo tu wa gharama. Naomba waliowahi kuleta bendi ya namna hii huku kusini waeleze yaliyowakuta wao wenyewe. Ya kusikia kwa watu ninayo mengi tayari.

Mdau wa Shangani

Mwanzisha mada, mimi nilileta bendi ya wazee kwa ajili ya kumuaga kaka yangu kazini, na kosa langu lilikuwa katika safari. Kutoka Dar es Salaam hadi Mtwara ni takribani kilomita 560, na mimi kwa kubana matumizi niliwapakia wazee katika kosta usiku, wakaingia mjini saa tano asubuhi, nikitarajia wapande jukwaani saa mbili usiku ule ule. Mpiga drams alikuwa na miguu iliyovimba kwa kukaa muda mrefu, na mwimbaji alikuwa amekaukiwa sauti kwa vumbi na upepo wa dirishani. Walipiga, kwa kuwa ni watu wa kazi na wana haya, lakini kila wimbo ulikatwa mapema, na mzunguko wa tatu haukuwepo kabisa.

Tangu siku hiyo ninashauri wafike siku moja kabla. Hesabu yako basi iwe na malazi ya usiku mbili, chakula cha watu wanane (usimsahau dereva wala fundi wao wa sauti), na mtu mmoja wa familia ambaye hana kazi nyingine isipokuwa kuwahudumia. Kwangu mimi mambo hayo yalikaribia nusu ya bei ya bendi yenyewe. Zingatia pia barabara. Wenye umri wangu tunakumbuka kulala Ndundu tukisubiri kivuko cha Rufiji kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, na vijana wanaodhani shida hiyo imekwisha wakumbuke Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilipoikata barabara eneo la Somanga na magari kukwama pande zote mbili. Desemba mvua zinaweza kuwa zimeanza, kwa hiyo siku moja ya akiba si anasa.

Mama wa Mitwero, Lindi

Mimi nina machungu yangu, nami sitaitaja bendi. Kwa sherehe ya miaka 40 ya ndoa ya wazazi wangu tulikodi bendi yenye jina kubwa la zamani, tukalipa nusu kama malipo ya awali. Siku ilipofika, kwenye gari waliteremka vijana tisa na mzee mmoja, naye mzee huyo alikuwa mpiga tumba aliyejiunga baadaye, wala hakuwamo katika picha zile zilizotufanya tuikodi bendi. Nilipouliza nikajibiwa kwamba bendi ni ileile kwa sababu jina ni lilelile. Vijana walipiga vizuri, siwezi kuwasingizia, lakini baba yangu alikuwa amesubiri gitaa la mtu fulani, na mtu huyo hakuwepo.

Mara ya pili, katika harusi ya mdogo wangu, nilidai majina ya wapigaji yaandikwe ndani ya mkataba, kila mmoja na chombo chake, pamoja na sharti kwamba akiugua mmoja nitaarifiwa na nitakuwa na haki ya kupunguza malipo. Kiongozi wao alicheka akasema hajawahi kuulizwa hivyo na mteja wa Lindi. Alitia saini. Mwanzisha mada, kwa wapigaji wenye zaidi ya miaka 60 kuugua ni jambo la kutarajiwa, kwa hiyo waulize mapema nani atashika gitaa la solo endapo mwenyewe hatoweza kusafiri.

Fundi mitambo, Mikindani

Shikamooni wakubwa. Kazi yangu ni spika na nyaya, na nimehudumia sherehe nyingi za pwani hii, kwa hiyo nitasema marefu kidogo.

Jambo la kwanza ni umeme. Kwa miaka mingi mikoa hii miwili iliendeshwa na mtambo wa gesi wa hapa Mtwara, nje ya gridi ya taifa, na wote tunajua tulivyozoea kukatikiwa. Bendi ya roki bila umeme ni wazee sita waliokaa kimya. Jenereta la KVA 10 hutoa takribani kilowati 8, nalo linatosha kabisa kwa bendi ndogo na taa za jukwaa, kwa sharti kwamba hakuna mtu mwingine anayechomeka kitu humo. Katika sherehe moja hapa Mikindani mpishi alichomeka majiko mawili ya kukaangia chipsi na birika la maji kwenye jenereta la bendi, na katikati ya wimbo taa zikafifia, amplifaya ya gitaa ikanguruma kisha ikazimika. Tulitumia dakika arobaini kutafuta tatizo jukwaani kumbe tatizo liko jikoni. Majiko, friji na taa za uani vipate chanzo chao.

La pili ni usalama, na hapa sitaki mzaha. Niliwahi kufika mahali jenereta limefungwa bila waya wa kwenda ardhini. Mwimbaji alikuwa ameshika gitaa lake la umeme, na midomo yake ilipogusa maikrofoni alipigwa shoti hadi akarudi nyuma hatua mbili. Alikuwa mtu wa miaka 66. Alikaa kitini nusu saa akinywa maji, kisha akasisitiza kumalizia, ila tangu hapo sifungui kipaza sauti kabla sijapima waya wa ardhini kwa mkono wangu mwenyewe.

La tatu ni bahari. Wapigaji wa bluzi wa rika hili hupenda amplifaya za valvu, yaani zile za kizamani zenye mirija ya kioo, ambazo ni nzito na hutoa sauti yenye joto ambayo zile za kisasa haziitoi vilevile. Valvu hazipendi kurushwarushwa garini, na nyuzi za gitaa hazipendi chumvi. Ukiacha gitaa wazi ufukweni jioni nzima, nyuzi zinaanza kupata kutu na tuni inahama. Vyombo vikae ndani ya mikoba yake hadi saa ya kupiga. Tena uani au ufukweni hakuna ukuta wa kuirudisha sauti, hivyo besi hupotea na upepo huyapeperusha maneno, wakati ndani ya ukumbi wa bati kila kitu kinagongana na kurudi. Nipe saa mbili za kupima sauti kabla mgeni hata mmoja hajakaa. Wenye sherehe karibu wote huniambia nusu saa inatosha, kisha wao ndio wa kwanza kulalamika kwamba mwimbaji hasikiki.

Mwisho, meza ya mwenye sherehe isiwe mbele ya spika. Watu hudhani wanamheshimu mzee kwa kumweka pale, kumbe wanamwadhibu.

Mwalimu mstaafu, Masasi

Fundi amesema vizuri. Mimi naongeza habari ya nyimbo zenyewe, kwa kuwa bendi inaweza kuwa nzuri na sherehe ikapooza.

Bluzi ya kawaida huzunguka katika mapigo ya hatua kumi na mbili kwa kodi (chords) tatu, kwa hiyo mpigaji mkongwe wa dansi anaweza kuingia ndani yake bila mazoezi, na hata wageni wasioujua muziki huo huuzoea upesi. Lakini kuusikiliza si kuucheza. Mtu wa huku kusini akienda kwenye sherehe anangojea chemko, ile sehemu ambayo waimbaji hunyamaza na magitaa kukimbizana, nayo katika bluzi ya polepole haiji. Nilipomfanyia sherehe rafiki yangu aliyesomea ng'ambo, bendi ilianza na zilipendwa, watu wakainuka, kisha saa nne wakaingiza bluzi na uwanja ukabaki mtupu kama shamba baada ya mavuno. Nadhani ingefaa kinyume chake: bluzi wakati wa chakula, roki wakati watu wanaanza kuchangamka, na dansi mwishoni hadi waliochoka waende zao.

Usiwapuuze wazee hao ukidhani roki kwao ni ya kukopi tu. Soul, muziki wa Wamarekani weusi, ilipigwa marufuku Dar es Salaam mwezi Novemba 1969, na vijana wa wakati ule walioipenda waliendelea kuisikiliza vyumbani mwao. Miaka ya 1970 kundi la Sunburst la Dar es Salaam lilikuwa likichanganya roki na mapigo ya kwetu, na Afro 70 ya Patrick Balisidya ilitumia magitaa ya umeme kwa ujasiri mkubwa. Ukikaa na mpiga gitaa wa miaka 70 mchana wa siku ya sherehe, kabla ya kelele, utasikia mengi ambayo hutayapata jukwaani.

Mkazi wa Nachingwea

Kwa ufupi: kibali cha serikali ya mtaa na cha polisi kiwe mkononi mapema, muda wa kuzima muziki uandikwe humo, na ukiwa karibu na msikiti uwaambie wapigaji wenyewe, badala ya mshereheshaji peke yake, kwamba wakati wa adhana ya isha watanyamaza. Sisi tulimwambia mshereheshaji, akasahau.

Mwanzisha mada, Mtwara mjini

Ninarudi kama nilivyoahidi, sherehe imepita Jumamosi. Wazee walifika Alhamisi jioni. Majina yote sita yalikuwa kwenye mkataba, na aliyepungua ni mpiga kinanda aliyebaki na shinikizo la damu. Kiongozi alinipigia simu siku tatu kabla, tukapunguza malipo kwa makubaliano. Jenereta la bendi lililindwa na shemeji yangu kama mahari. Tulianza na bluzi wakati wa chakula kama alivyoelekeza Mwalimu, na kwa kweli watu walikula polepole kuliko nilivyowahi kuona.

Ushauri mmoja wa Fundi ulishindikana. Tulimwandalia mzee kiti kilichopambwa, mbali na spika, katikati ya wanawe, naye alikaa humo kwa dakika kumi. Bluzi ya kwanza ilipoanza aliinuka taratibu na mkongojo wake, akaenda kukaa juu ya kasha la vyombo kando ya amplifaya ya valvu, akabaki hapo mizunguko yote mitatu akiangalia vidole vya mpiga solo. Mama mkwe amezitazama picha zote mara mbili na bado hajanisamehe, kwa sababu katika kila moja kile kiti kiko kitupu.