Kwa nini kijana akifika sekondari huacha kusoma vitabu kwa kujifurahisha?

Mzazi, Morogoro
Habari za jioni, wanajukwaa. Binti yangu alipokuwa shule ya msingi hakuacha kitabu cha hadithi kipite. Hata gazeti lililofungiwa vitumbua alilikunjua akalisoma. Sasa yuko kidato cha pili, na mbali na madaftari ya shule sijamwona na kitabu mkononi. Simu hana, hivyo naomba tusiishie kuilaumu simu.

Mwalimu wa Kiswahili, Tanga
Ndugu mzazi, mtoto aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili akiingia kidato cha kwanza hukuta masomo karibu yote yamegeuka kuwa ya Kiingereza, na nguvu aliyokuwa akiitumia kufuata kisa huishia kwenye kutafuta maana za maneno. Kiswahili chenyewe nacho kinabaki na riwaya na tamthilia teule za mtihani, ambazo ataulizwa dhamira, wahusika na matumizi ya lugha, kiasi kwamba wengi hununua kijitabu cha uchambuzi, wakakikariri, wakafaulu bila kuifungua riwaya. Sioni ajabu wakichoka.

Muuza vitabu vya mtumba, Dar es Salaam
Mwalimu, hilo la mtihani nakubali, lakini hata kijana asiyechoka hana cha kusoma. Kwa wadogo kuna nafuu, hasa tangu Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania ulipoanza mwaka 1991. Watu wazima huja kwangu wakiulizia Willy Gamba wa Elvis Musiba na Joram Kiango wa Ben Mtobwa, wapelelezi waliowakesha usiku enzi za ujana wao. Akija kijana wa miaka 15, hadithi za sungura na fisi ameshazivuka, na riwaya mpya inayomhusu yeye mwenyewe, yaani shule yake, marafiki zake na hofu zake, ni nadra sana kuipata mezani kwangu.

Mwanafunzi wa kidato cha tano
Shikamooni. Kwa heshima zote, si kweli kwamba hatusomi. Wakati wa likizo tunafuatilia hadithi zinazotolewa kwa sehemu kwenye makundi ya WhatsApp, na mtunzi akikatiza penye utamu akaandika "itaendelea", wapo wanaolipia sehemu inayofuata kwa fedha za simu. Bwenini, ambako simu hairuhusiwi, mwenzetu mmoja alinakili hadithi nzima kwa mkono kwenye kaunta buku, nalo likazunguka kitanda hadi kitanda mpaka jalada likang'oka. Lugha yake haikuwa safi, nakiri, ila tulitaka kujua yule msichana ataolewa na nani.

Mzazi, Morogoro
Marahaba, mwanangu. Basi nitaanza kwa kumwuliza binti yangu wenzake wanasoma nini, kabla sijamnunulia ninachokipenda mimi. Ndugu muuza vitabu, ukipata Joram Kiango ambaye kurasa zake za mwisho hazijachanika, niwekee; ila niambie kwanza kama anamfaa mtoto wa miaka 14.