Gesi ya kupikia watoto hakuna, dizeli ya kumpoza bosi ipo!

Wakuu salaam. 

Nina kibanda cha kutengeneza baiskeli hapa Tanga mjini, mkabala na ofisi moja ya umma. Jina silitaji, nina watoto. Leo shangingi lenye namba za STK, yaani la serikali, limenguruma mbele yangu tangu saa tatu na nusu hadi saa tano na ushee. Limesimama tu! Bosi yuko kikaoni, dereva kalaza kiti anakoroma, AC inapuliza ili mkubwa akitoka asikalie kiti cha moto. Moshi tunauvuta mimi na mteja wangu mwenye pancha.

Injini ile hata ikisimama inakunywa kama lita nzima kwa saa, na lita 1 ya dizeli ikiungua inatoa karibu kilo 2.7 za hewa ya ukaa. Zidisheni wenyewe.

Kinachoniuma zaidi ni hiki. Dada yangu ni mpishi wa shule. Serikali iliagiza taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 ziachane na kuni na mkaa ifikapo mwisho wa Januari 2024. Jambo jema, macho ya dada yameshaharibika kwa moshi. Jiko la gesi likaletwa, likapigwa picha. Gesi ilipoisha, fungu la kujaza halipo. Jiko liko stoo, dada karudi kwenye mafiga. Ila hilo shangingi sijawahi kuona likikosa mafuta!

Na msiniletee habari kwamba dawa ya hewa chafu ni sola juu ya paa za ofisi. Umeme wetu siku hizi mwingi ni wa maji, Bwawa la Nyerere peke yake lina megawati 2,115. Hewa chafu ya serikali iko kwenye matenki ya magari na majiko ya taasisi. Treni ya umeme Dar hadi Dodoma ipo tangu 2024, lakini jamaa yangu dereva anatumwa na gari tupu limtangulie mkubwa anayekuja kwa treni hiyohiyo. Hapo tumeokoa nini?

Japani mwaka 2005 serikali iliwaambia watumishi wake wavue tai na makoti kiangazi, AC zikae nyuzi 28. Hapa, joto hili la Februari, mtu kavaa suti nzito halafu anaweka 16! Juzi nilifuata leseni ofisini humo, nimetoka napiga chafya.

Video ya leo ninayo, namba zinasomeka. Anayejua pa kuipeleka aseme. Naandika hivi shangingi limerudi tena, na halijazimwa.